Panga Kurudi Kwanza: Hotuba kwa Wavuvi wa Mwisho wa Wiki, Dar es Salaam

Manahodha, wenye boti, mabaharia, kina mama na kina baba mliokuja na vijana wenu: assalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa boti ndogo zinazotoka Msasani, Kunduchi na Kigamboni kwenda kuvua kwa burudani. Nina jambo moja tu, nami nitalifuata kila linakokwenda: safari ya kuvua ipangwe kuanzia mwisho wake. Wengi wetu hupanga kwenda. Saa ya kutoka tunaijua, mahali nguru wanapokula tunapajua, chambo kimelala kwenye barafu tangu jana. Ukiuliza saa ya kurudi, huambiwa "tukishashiba." Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika bahari yetu hii marejeo ndiyo yenye upepo mkubwa, jua la usoni, tangi lililopungua na watu waliochoka. Kwa hiyo saa ya kurudi ndiyo iwekwe kwanza, na kila kitu kingine kihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo.

Nianze na upepo. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba na mara nyingine Oktoba, na katikati yake kuna tanga mbili, siku za upepo hafifu ambazo kwa boti ndogo ndizo nzuri kuliko zote. Hayo mnayajua. Linalosahauliwa ni kwamba ndani ya siku moja nao una msimu wake. Alfajiri kuna umande wa kutoka nchi kavu, bahari imelala. Jua likipanda, ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na ya baharini huja kujaza nafasi. Kuanzia saa sita mchana upepo huo wa bahari hujiunga na ule wa msimu. Kusi iliyokuwa noti 10 ulipotoka, yaani kama kilomita 18 kwa saa, inaweza kuwa noti 18 au 20 ukigeuza omo, pua ya boti, kurudi. Ukiamua kwa kuitazama bahari ya saa kumi na mbili asubuhi, umeitazama bahari ambayo hutarudi nayo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na mambo yakiwa mabaya hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mara nyingi angalizo la ukanda wa pwani hutaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nawaomba msisubiri neno hilo. Kwa boti ya mita 6 au 7 iliyo wazi, mpaka wangu ni noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa, nao ni utabiri wa alasiri, si wa asubuhi. Ukiona povu jeupe limetapakaa kila upande wa bahari, mpaka huo umefika au umeshapita. Kumbukeni pia kwamba kimbunga si habari ya Msumbiji peke yake. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati ambao wengi huhesabu kuwa msimu wa vimbunga umekwisha. Na tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ilitoka hapa mchana ikazama karibu na Chumbe. Ile ilikuwa feri, kubwa mara nyingi kuliko chochote kilichofungwa hapa ufukweni.

Kusi ina hatari yake ya pekee kwa wanaokwenda mbali. Chukueni safari ya Fungu Kizimkazi, ambako ramani nyingi huandika Latham, zaidi ya kilomita 60 mashariki ya mji, kidogo kuelekea kusini. Kwenda unaelekea upepo: boti inapiga, watu wanalowa, nawe unapunguza mwendo kwa sababu huna budi. Kurudi wimbi linakuja nyuma, na kila mtu anafurahi kwamba bahari imetulia. Haijatulia. Boti ikiteremka mbele ya wimbi huenda kasi kuliko nahodha alivyotaka, omo huchimba kwenye maji ya bondeni, shetri, yaani nyuma ya boti, husukumwa pembeni, na boti hugeuka ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Hapo ndipo zinapopinduka. Dawa ni kukaa juu ya mgongo wa wimbi lililo mbele yako na kwenda nalo kwa kurekebisha mafuta, usilipite wala usingoje la nyuma likufikie. Inua mashine kidogo ili omo ipande, sogeza mizigo na watu kidogo kuelekea nyuma. Na kamwe usizime mashine ghafla ukiwa na wimbi nyuma, hata kama samaki mkubwa ameshika: shetri ya boti za mashine ya nje ni fupi, na wimbi moja linaweza kuingiza maji ya kutosha kuharibu kila kitu. Geuza omo kwenye upepo kwanza, ndipo usimame.

Ukielekea upepo, mambo ni kinyume: shusha mashine ili omo ikae chini, punguza mwendo, na ukate wimbi kwa pembe badala ya kuligonga uso kwa uso.

Sasa maji. Hapa kwetu bamvua, zile siku za maji makubwa ya kujaa na kupwa, huweza kupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, na pwani yetu ina desturi inayosaidia sana kupanga: siku za bamvua yenyewe maji hukauka karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi, lakini tofauti ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo anayerudi siku ya kilele cha bamvua kuanzia saa nane hadi saa kumi jioni anarudi na maji yanayoingia, naye ana kina juu ya miamba. Siku za hatari zaidi ni mbili tatu kabla ya kilele. Siku hizo maji hujaa kama saa nane mchana, halafu hutoka alasiri nzima, na katika mlango wa mwamba mkondo unaotoka hukutana na upepo na mawimbi yanayoingia. Wimbi la mita moja huko nje huwa fupi, refu kwenda juu, na huvunjika palepale. Boti huingia kwenye mlango ule ikiwa na uzito wa samaki, barafu na watu waliolegea.

Kasi ya maji haiko sawa muda wote. Mkigawa saa sita za kujaa au kupwa, saa ya kwanza hubeba sehemu moja ya 12 ya tofauti yote, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya mwisho moja. Kama tofauti ni mita 3.6, maji hushuka sentimita 30 saa ya kwanza, 60 ya pili, kisha 90 na tena 90 katika saa mbili za katikati. Ndiyo maana mtu aliyepita juu ya mwamba na nusu mita ya nafasi hurudi baada ya saa moja akagonga. Na ndiyo maana mlango mgumu upitwe maji yakiwa yamesimama, au yakiwa yanaingia.

Halafu jua. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo kila anayerudi nyumbani anakwenda magharibi. Kuanzia saa kumi jioni jua liko usoni, maji yote ni kioo, na mwamba ulioonekana kahawia safi saa tano haupo tena machoni. Miwani ya polaroidi husaidia, lakini haimalizi tatizo. Miamba isomeke jua likiwa juu au mgongoni: buluu nzito ni kilindi, kijani ni mchanga wa maji machache, kahawia ni mwamba au majani. Njia uliyopita salama asubuhi ihifadhi kwenye jipiesi (GPS) na urudi juu ya mstari huohuo. Hapa Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi jioni, kulingana na mwezi, na giza huingia upesi. Nusu saa baadaye humwoni mvuvi wa ngalawa asiye na taa. Kanuni ninayoipendekeza: saa kumi jioni boti iwe ndani ya miamba. Ukitaka kuvua machweo, vua karibu na nyumbani.

Mafuta. Kanuni ni theluthi tatu: moja ya kwenda na kuvua, moja ya kurudi, moja isiguswe. Inaonekana ni ubahili mpaka uihesabu. Boti ya mita 7 yenye mashine mbili za farasi 60, za mapigo manne, ikienda noti 18 itatumia kama lita 26 kwa saa kwa zote mbili. Fungu Kizimkazi ni saa mbili kwenda, lita 52, na nyingine 52 kurudi. Kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, kwa saa nne kwa noti 6 au 7 kutakula 45 hivi. Jumla ni karibu 150. Hiyo 150 iwe theluthi mbili ya ulichopakia, kwa hiyo unaondoka na lita 225. Mashine za mapigo mawili hunywa zaidi, hivyo hesabu ipande. Na usiamini namba zangu kuliko za boti yako: jaza tangi, tembea saa moja kwa mwendo wa kawaida na mzigo wa kawaida, jaza tena, andika lita zilizoingia.

Theluthi ya akiba si ya kuvua saa moja zaidi. Ni ya siku ambayo mashine moja imekufa. Boti hiyohiyo kwa mashine moja haipandi juu ya maji, inaburuta mwili wote, na itakwenda noti 6. Kilomita 65 kwa noti 6 ni karibu saa sita. Ikizimika saa tisa alasiri, utafika saa tatu usiku, nawe ulikuja bila taa. Ndiyo maana kwa safari ndefu ninasisitiza boti igeuzwe kurudi saa saba mchana.

Wengi hununua mashine mbili wakidhani wamemaliza. Kama zote mbili zinavuta tangi moja kwa mpira mmoja, maji yakiingia kwenye petroli zitazimika zote mbili ndani ya dakika chache. Kila mashine iwe na tangi lake, chujio lake la kutenga maji, na betri yake.

Na mashine huzimika kwa nini? Mara chache ni kwa ugonjwa mkubwa. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni kishimo cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kusahauliwa kufunguliwa. Mashine huenda vizuri kwa dakika 10 au 15, hupungua nguvu, huzimika, na pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta huwa imebonyea. Legeza kifuniko, bonyeza pampu mpaka iwe ngumu, washa. Ya pili ni kamba ya kuzimia mashine: imechomoka kwenye swichi, na watu wanavuta kamba ya kuwashia mpaka mikono inatoka malengelenge. Angalia hiyo kabla ya kufungua chochote. Ya tatu ni maji kwenye petroli, hasa iliyokaa kwenye galoni tangu mwezi uliopita. Mimina kidogo kwenye chupa ya plastiki angavu na uiache itulie: maji yatakaa chini, mstari utauona kwa macho. Ya nne ni joto. Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ndio dalili kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Ukikoma, zima mara moja, inua mashine, tazama kama mfuko wa plastiki umeziba matundu ya kuvutia maji. Mifuko hiyo iko mingi kwenye ghuba baada ya mvua. Kama matundu ni safi, basi pangaboi dogo la mpira ndani ya pampu limekwisha, nalo libadilishwe kila mwaka hata kama linaonekana zima, maana gharama yake ni ndogo kuliko petroli ya safari moja.

Kuna la tano linalotuhusu wavuvi peke yetu. Mshipi wa nailoni ukijisokota kwenye propela huingia nyuma yake na kukata sili ya mhimili. Oili ya gia hutoka, maji huingia, na huoni kitu mpaka gia zinaanza kulia. Kila baada ya safari chache fungua nati ya propela, itoe, tazama, paka grisi. Ukifungua skrubu ya oili ya gia ikatoka nyeupe kama maziwa, boti haitoki mpaka sili ibadilishwe.

Kwa mapigo mawili, changanyeni oili kama kitabu cha mashine kinavyosema. Mashine nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Kukadiria kwa jicho huua mashine: ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huziba masizi. Ndani ya boti kuwe na plagi za akiba na spana yake, kamba ya akiba ya kuwashia, chujio, vibano vya mpira, nati na pini ya propela, na kizibo cha pili cha shetri. Kizibo kikisahauliwa nchi kavu, boti hujaa taratibu huku watu wanafunga mishipi, na wa kwanza kujua huwa ni yule aliyekanyaga maji.

Juu ya maji ndani ya boti nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo yanayopindua boti nyingi kuliko wimbi kubwa. Madebe matano ya maji ni kilo 100, na kilo hizo hazikai. Boti ikilala kulia, zote hukimbilia kulia na kuilaza zaidi. Changanya na watu watano waliosimama upande mmoja kumtazama mbasi aliyeruka, na boti imeshakwisha. Nahodha atoe amri kabla ya kutoka: samaki akishika, anayepigana naye na msaidizi wake ndio pekee wanaosimama, wengine wakae palepale walipo. Pampu ya umeme ni nzuri, lakini betri ikilowa haina kazi. Ndoo imara yenye kamba, mikononi mwa mtu mwenye hofu, hutoa maji kuliko pampu nyingi.

Upande wa samaki wenyewe nitapita upesi. Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja. Jodari akizama, nailoni hukata hadi mfupa au humvuta mtu majini. Tumieni glovu, na kulabu iwe na kofia yake mpaka itakapohitajika. Mbasi na nduwaro wakikaribia boti, watu wote watoke kwenye mstari wa mdomo wao. Samaki aitwaye taa akikuchoma, toa vipande vya mwiba vinavyoonekana, tumbukiza jeraha kwenye maji ya moto kiasi ambacho mguu usioumia unaweza kuvumilia, kama nyuzijoto 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali; mwiba uliozama kifuani au tumboni usichomolewe baharini. Bunju asiliwe, sumu yake haifi kwa kupikwa. Na jodari, nguru au fulusi aliyelala juani hutengeneza sumu nyingine ambayo nayo moto hauiondoi: uso huwa mwekundu, kichwa huuma, moyo huenda mbio. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu dakika anapotoka majini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975 na hapavuliwi. Leseni yenu iwe ndani ya boti. Mkiona maboya ya jarife au ya dema, zungukeni mbali. Mwenye mitego ile ni mtu anayetafuta ada ya shule, na ndiye huyohuyo atakayekuwa wa kwanza kukuona ukipeperusha shati.

Turudi kwenye kurudi. Kabla hujatoka, mtu mmoja nchi kavu awe na karatasi: jina na rangi ya boti, idadi ya watu, namba za simu, unakokwenda, njia utakayopita, saa ya kurudi, na saa ya kuanza kupiga kelele. Hii ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mke wako au kaka yako asiachiwe kazi ya kukisia. Mwandikie: "Ikifika saa kumi na mbili jioni hujanisikia, piga 112, uombe Polisi Wanamaji na kituo cha uokoaji majini cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania." Mkondo mkubwa wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huweza kufika noti 4 huko nje. Boti iliyozimika ikisukumwa kwa noti 2 tu husogea kilomita 11 kwa saa tatu. Kila saa ambayo mtu nchi kavu anasema "labda wamepata samaki wengi," duara la kutafuta linapanuka. Na ukibadili mpango ukiwa huko, piga simu useme. Kuokolewa mahali ulipoandika ni rahisi. Kutafutwa mahali usipokuwepo huwagharimu na waokoaji.

Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini mtandao hufifia kadiri minara inavyozama chini ya upeo wa macho. Redio ya VHF ya mkononi, ya wati 5, hufika kama maili 5 za baharini kutoka boti hadi boti, na mbali zaidi kwa meli yenye antena ndefu. Sisi tuna bahati ambayo wengi hawana: nje ya bandari yetu kuna meli zinazosubiri zamu, na kila moja inasikiliza chaneli 16. Kama maisha yako hatarini, bonyeza na useme polepole: Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni boti fulani, mara tatu. Mayday, boti fulani. Kisha mahali ulipo kwa tarakimu za jipiesi, moja moja, au kwa umbali na upande: maili 5 mashariki ya Mbudya. Kisha kilichotokea, msaada unaotaka, idadi ya watu, rangi ya boti. Achia kitufe usikilize. Mahali pasemwe mapema, kwa sababu redio ikikatika hapo, kitu pekee kinachoweza kukuokoa kitakuwa kimeshasikika. Jizoezeni kusema haya kwa Kiingereza pia, maana mabaharia wa meli hizo wengi si wa kwetu. Kwa wanaovuka kilindi mara kwa mara, kifaa cha dharura cha masafa ya megahezi 406 kinachoita kupitia setilaiti ni cha thamani kuliko mashine ya pili.

Wale wanaovua karibu na njia ya meli wajue kwamba meli ya noti 18 hukata zaidi ya nusu kilomita kila dakika, na nahodha wake haoni kabisa sehemu iliyo chini ya omo yake. Haiwezi kukukwepa. Toka wewe, mapema.

Ukizimika, kazi ya kwanza ni nanga, hata kabla ya kufungua kifuniko cha mashine, kama kuna mwamba au fukwe yenye mawimbi upande unaosukumwa. Nanga bila mnyororo hairarui mchanga, inateleza; wekeni mita 5 hadi 10 za mnyororo, kisha amari, yaani kamba ya nanga. Urefu wa amari ni mara tano ya kina, na kina kihesabiwe pamoja na maji yatakayojaa. Umetia nanga saa nne ya bamvua kwenye mita 8. Saa kumi ni mita 11.6. Ongeza mita moja ya kimo cha omo, zidisha kwa tano: mita 63. Mwenye mita 40 alikuwa salama asubuhi, alasiri nanga yake inatembea. Nanga ifungwe omoni, si shetrini, hata kwa dakika mbili za kutoa samaki. Mkondo huivuta shetri chini na maji huingia. Itupwe kwenye mchanga, si juu ya matumbawe: utaivunja miamba, na nanga haitatoka. Kwenye kilindi ambako amari haifiki, teremsheni nanga ya kuelea kutoka omoni, au ndoo mbili zilizofungwa kwenye kamba ndefu. Zitapunguza kusukumwa na zitashika omo kwenye wimbi.

Jaketi okozi huvaliwa ufukweni. Lililo chini ya kiti ni mzigo. Kwa bahari ya nje chukueni la nguvu ya newtoni 100 au 150, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, maana bila mkanda huo jaketi hupanda usoni na mtu hutoka chini yake. La mtoto liwe la uzito wa mtoto: mwinue kwa mabega ya jaketi, kidevu kikizama ndani ni kubwa mno. Filimbi ifungwe kwenye kila jaketi. Nahodha afunge kamba ya kuzimia mashine mguuni au kiunoni muda wote boti inapotembea, kwa sababu akianguka boti isiyo na mtu huzunguka duara na kurudi juu yake.

Boti ikipinduka, hesabuni vichwa, kisha wote washike boti. Mwili wa boti unaonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu hakionekani hata mita 200. Nchi inayoonekana karibu iko mbali kuliko unavyodhani, na mkondo unakwenda kaskazini, si ufukweni. Asiwepo anayeogelea kwenda kuleta msaada. Maji yetu ni ya nyuzijoto 25 hadi 29, hayaui kwa dakika, lakini usiku mzima wa kusi unapoza mwili, hivyo pandeni juu ya mgongo wa boti kadiri mnavyoweza, mkumbatiane, watoto katikati. Maji ya bahari yasinywewe. Fataki za hatari ziwekwe akiba mpaka muone au msikie chombo: ya mkononi huwaka kama dakika moja tu, moshi wa rangi ya chungwa ni wa mchana, na zote zina tarehe ya kwisha. Kioo kidogo hakina tarehe, na kwenye jua letu huonekana kilomita nyingi.

Nimemaliza upande wangu. Boti mbili ziko majini pale chini. Shukeni na majaketi yenu, tutayavaa na kuingia nayo maji ya kifuani tuone lipi linapanda usoni. Kisha kila nahodha ataizima mashine yake kwa kufunga kishimo cha hewa, na mwenzake, bila kuambiwa, atafute kwa nini imezimika.